Mwavuli na Usukani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kueleza jambo ambalo nalishindwa kulieleza nilipopewa dakika tano mbele ya wenzangu. Wale waliohudhuria mjadala wa Jumamosi katika ukumbi wetu watakumbuka hoja iliyowekwa: kwamba mtu aliyeanza kujifunza kuruka kwa mwavuli yafaa ajifunze na kuendesha ndege. Mimi nalikuwa msemaji wa kwanza wa upande uliokubali. Msemaji wa upande wa pili alisimama, akaweka mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, akauliza, "Ni mtu gani mwenye akili atokaye katika ndege iliyo nzima?" Ukumbi wote ulicheka, hata walimu, nami nikacheka pia, na hapo ndipo niliposhindwa. Kura zilipopigwa upande wetu tulikuwa wachache sana.

Kushindwa katika mjadala si msiba. Lakini kwangu mimi neno hili halikuwa la mjadala tu, na sasa nitasema kwa nini.

Nina ndugu, mtoto wa mama yangu mkubwa, aliyemaliza Kidato cha Nne miaka mitatu iliyopita. Alipata kazi ya kukunja miavuli katika kiwanja kidogo cha ndege huku kwetu Pwani. Sisi tuliozaliwa Ukunda tumeizoea miavuli ile tangu utotoni. Tukiona mtu anashuka juu ya mchanga wa Diani twakimbia chini yake, kila mtoto akipiga kelele kwamba mwavuli ule ni wake. Basi ndugu yangu alikunja miavuli ya watu mpaka hamu ikamshinda, akaanza kujifunza mwenyewe. Sasa amekwisha kuruka mara 11. Ana akiba aliyoiweka kidogo kidogo, na likizo iliyopita aliwaambia wazee kwamba ataka kuitumia kuanza masomo ya urubani.

Wazee walikaa barazani usiku ule. Mjomba akasema, "Mshika mbili moja humponyoka." Mama mkubwa hakusema neno, alilia tu. Baba yangu, ambaye ni mvuvi na si mtu wa maneno mengi, alisema, "Tusikate shauri juu ya jambo tusilolijua. Huyu asomaye fizikia arudi shuleni akaulize vitabu, kisha atuandikie." Huyu asomaye fizikia ndiye mimi. Nimeviuliza vitabu, nimewauliza na walimu, na barua nimekwisha kuituma. Haya niyasemayo hapa ni maoni yangu baada ya kuuliza.

Kwanza tuyatazame mambo yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mwavuli ni kitambaa cha kuzuia tu, na ndege ni mashine ya kubeba, na hivi viwili havina udugu. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Mfaransa André-Jacques Garnerin, aliyeshuka kwa mwavuli kutoka katika puto huko Paris tarehe 22 Oktoba 1797, aliyumba huku na huku mpaka chini, wala hakuwa na uwezo wa kuchagua mahali pa kuangukia. Lakini katika mwaka 1964 Domina Jalbert, huko Marekani, alibuni mwavuli wa namna nyingine. Huo ni wa mstatili, una vijumba virefu vilivyo wazi kwa mbele, hewa huingia na kuvijaza, na kitambaa kikapata umbo la bawa. Mwavuli kama huo hauanguki, bali huruka kwenda mbele huku ukishuka. Miavuli ambayo wanafunzi hutumia siku hizi ni ya namna hiyo. Basi ndugu yangu, kila afunguapo mwavuli wake, huwa rubani wa bawa dogo la kitambaa, akitaka asitake.

Kwa hiyo masomo yake na masomo ya rubani yakutana mahali pengi. Rubani ajapo kutua hazunguki ovyo. Hupita kando ya kiwanja upepo ukiwa nyuma yake, hukata kona, kisha hukata kona nyingine na kuuelekea upepo, akatua. Mwanafunzi wa mwavuli hufundishwa mzunguko huo huo, akiuanza yapata futi 1,000 juu ya ardhi. Sababu ni moja kwa wote wawili: ukitua huku umeuelekea upepo, mwendo wako juu ya ardhi huwa mdogo. Baba yangu alipoyasikia haya alisema kwamba hata mtoto wa pwani asiyejua kusoma ajua kwamba chombo hakiingizwi bandarini pasipo kuutazama upepo.

Tena, bawa lo lote huweza kugoma. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa huacha kupita vizuri juu ya bawa, nalo likaacha kubeba. Mrukaji akivuta kamba zake zote mbili za usukani mpaka chini na kuzishikilia, mwavuli wake nao hugoma vivyo hivyo. Na dawa ni ya namna moja, nayo ni kinyume cha hofu ya binadamu. Mwoga huvuta zaidi. Aliyefundishwa huachilia: rubani husukuma usukani mbele, na mrukaji huinua mikono yake polepole. Bawa liligomalo haliponywi kwa nguvu. Nadhani mtu aliyelijua somo hili mara moja kwa mikono yake hatalisahau ajapokutana nalo mara ya pili.

Sasa nije kwenye swali lililonishinda ukumbini, la mtu atokaye katika ndege nzima. Siku hiyo nalipaswa kujibu hivi. Mwavuli na ndege vimekuwa ndugu kwa muda mrefu. Tarehe 20 Oktoba 1922, huko Dayton katika jimbo la Ohio, rubani Harold Harris alikuwa akiijaribu ndege ikamharibikia angani. Alitoka, akafungua mwavuli, akashuka salama. Mtu asiyewahi kuwaza juu ya mwavuli hangetoka. Lakini swali hilo lina upande wa pili ulio mzito zaidi, nao ni huu: mrukaji aishi vipi ndani ya ile ndege nzima kabla hajatoka?

Hapa ndipo ujinga wa mrukaji unapoweza kuwadhuru wengine. Ndege ndogo kama Cessna 182 hubeba rubani na warukaji wanne hivi. Ndege hiyo imepimwa uzito wake, na uzito huo una mahali pake. Warukaji wakijazana upande wa nyuma, mkia huwa mzito, pua huinuka, na tukumbuke bawa linalogoma. Mlango ukiwa wazi, mwavuli wa mtu mmoja ukafunguka kwa kugusana ovyo, kitambaa hutoka nje kwa upepo na kumvuta mwenyewe, na chaweza kuupiga mkia wa ndege na kuwaangamiza wote. Mrukaji aliyekaa kiti cha rubani hata kwa saa chache ajua kwa nini huambiwa, "Kaa hapa, funga mkanda, linda vishikio vyako." Yule asiyejua hutii kwa kuogopa kugombezwa, na atiiye kwa kuogopa kugombezwa tu huacha kutii mkali atazamapo pengine. Mambo haya sisi wa bwenini twayajua sana.

Kadhalika na upepo wa juu. Mrukaji akitoka futi 13,000, naye ni mwanafunzi afunguaye mwavuli yapata futi 5,500, huanguka kwa muda wa sekunde 45 hivi, na mwendo wake ukikamilika huwa karibu kilomita 190 kwa saa. Upepo wa noti 20 ni kama mita 10 kwa sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe: kabla hajafungua mwavuli upepo huo umekwisha kumpeleka karibu mita 450. Kwa hiyo kuna mahali pamoja angani panapofaa kutokea, napo hupatikana kwa kuupima upepo. Mtu aliyejifunza urubani huisoma taarifa ya hali ya hewa kabla ya kwenda. Kwake Kusi na Kaskazi si majina ya majira tu, bali ni hesabu.

Sasa nitawataja wanawake wawili, maana kuna msichana mmoja wa Kidato cha Pili katika shule jirani aliyesema kwamba mjadala wetu ulikuwa wa wavulana.

Wa kwanza ni Valentina Tereshkova wa Urusi. Baba yake alikufa vitani yeye akiwa mtoto mdogo, naye alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Alijiunga na chama cha warukaji mjini kwake, Yaroslavl, akaruka mara ya kwanza mwaka 1959. Hakuwa rubani. Lakini mwaka 1962 walipotafuta wanawake wa kupelekwa anga za juu, sifa iliyomtoa kiwandani ilikuwa ule mwavuli, maana katika vyombo vya Vostok msafiri alipokaribia ardhi alitupwa nje, akamalizia safari kwa mwavuli wake mwenyewe. Alipochaguliwa alifundishwa mambo ya urubani pamoja na mengine mengi. Tarehe 16 Juni 1963, akiwa na miaka 26, aliondoka katika Vostok 6, akaizunguka dunia mara 48. Basi huyu alianza na mwavuli, kisha akapewa ndege, kisha akapewa chombo cha anga. Mjomba aniambie ni kipi kilichomponyoka.

Wa pili ni Bessie Coleman wa Marekani, naye simtaji kwa furaha tu. Alikuwa akisafisha na kupaka rangi kucha za watu katika duka la kinyozi mjini Chicago. Shule za urubani za nchi yake zilimkataa kwa kuwa ni mweusi na kwa kuwa ni mwanamke. Alijifunza Kifaransa, akavuka bahari mpaka Ufaransa, na tarehe 15 Juni 1921 akapata cheti cha urubani. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville katika Florida, alipanda ndege iliyoendeshwa na fundi wake ili atazame mahali ambapo kesho yake pangefanyika mruko wa mwavuli. Hakufunga mkanda, kwa sababu alitaka kuchungulia nje apaone mahali hapo. Ndege ilipinduka ghafula, akatupwa nje, akafa, na fundi wake naye akafa ndege ilipoanguka. Baadaye ilionekana kwamba spana iliyoachwa ndani ilikuwa imezuia mitambo ya kuiongoza. Mwanamke aliyeushinda ubaguzi wa nchi nzima aliuawa na mkanda usiofungwa na spana isiyorudishwa sandukuni. Nalimsimulia ndugu yangu habari hii kabla ya nyingine zote, na sikumficha.

Basi nikisema ajifunze yote mawili, je, nakubali ayashike yote kwa siku moja? Hapana. Hapa ndipo nakiri kwamba upande uliotupinga ulikuwa na haki kwa sehemu, na kama ningelikiri siku ile pengine tungelipata kura zaidi. Yako mambo matatu ya kuogopwa.

La kwanza ni mazoea kugongana. Mwavuli hauna injini. Ukikosea mzunguko wako huwezi kupanda tena ujaribu upya, utatua tu pale ulipo. Ndege yaweza kuongezewa nguvu, ikapanda, ikazunguka tena, na rubani mwenye busara haoni aibu kufanya hivyo. Naogopa kwamba mrukaji mchanga akishika usukani, mazoea yake yatamwambia "lazima utue sasa," hata kama ametokea vibaya. Pia mrukaji hufundishwa kwamba ndege ikiharibika, akiamriwa atoke, na atoke upesi. Rubani hufundishwa abaki, aiongoze ndege kwanza, mengine baadaye. Mtu mmoja hawezi kuwa na majibu mawili moyoni pasipo kujua wazi leo yeye ni nani. Lakini hata hapa kuna faida. Injini ya ndege ikizimika, rubani huwa kama mwenye mwavuli: achague mahali mapema, auelekee upepo, asibadili shauri kila dakika. Mrukaji amekwisha kulizoea jambo hilo.

La pili ni fedha. Sitaki kuwadanganya wazazi wetu. Saa moja ya masomo ya ndege yaweza kuila fedha ambayo baba yangu huipata kwa samaki wa siku nyingi. Kwa kanuni za kimataifa, atakaye leseni ya rubani wa binafsi kwa kawaida huhitaji saa zisizopungua 40 angani, isipokuwa shule iliyoidhinishwa huweza kupunguza kidogo. Mrukaji naye, mathalan kwa taratibu za chama cha warukaji cha Marekani, huhitaji miruko 25 kwa cheti cha kwanza. Nimepiga hesabu: miruko 25, ukijumlisha kuanguka na kushuka kwa mwavuli, haifiki saa tatu. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo akigawanya akiba yake, leo mruko mmoja, mwezi ujao saa moja ya ndege, atasahau huku na huku, na kila mara atalipia lile alilokwisha kulipia. Hapo ndipo methali ya mjomba ina kweli.

La tatu ni umri na afya. Mimi nina miaka 17. Kanuni za kimataifa zaniruhusu kupata leseni ya rubani wa binafsi kwa umri huu, lakini wale warukaji wa Marekani hawamkubali mtu aruke kabla hajatimiza miaka 18. Nalishangaa nilipoyasoma haya, maana nalidhani kuendesha ndege ndiko kugumu zaidi. Mwalimu wetu wa fizikia alinijibu kwamba rubani mwanafunzi ana mwalimu kando yake mpaka siku atakapoachiwa, lakini mrukaji, akiisha kufungua mwavuli, ni yeye na akili yake. Tangu siku hiyo sijamcheka tena mtu aogopaye kuruka.

Haya ndiyo niliyomwandikia ndugu yangu, nikawapa wazee nakala. Maliza kwanza cheti chako cha mwavuli, maana umekwisha kuanza na umebakiza mruko wa 12 mpaka wa 25. Wakati huo huo usitumie hata senti moja kwa ndege, bali soma vitabu vya rubani usiku: hali ya hewa, ramani, sheria za anga, na Kiingereza cha redioni. Mwombe rubani wenu akueleze uwanjani afanyavyo kila kitu. Kapimwe na daktari kabla hujalipa, usije ukalipa kisha macho yakakataliwa. Ukiisha kupata cheti na akiba ikatosha saa nyingi mfululizo, hapo anza ndege, na katika miezi hiyo pumzisha mwavuli. Mshika mbili moja humponyoka, kweli, lakini ashikaye moja mpaka akaiweka mfukoni aweza kuishika ya pili.

Majibu yalikuja wiki iliyopita. Mjomba amekubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aende kiwanjani aone jinsi mikanda inavyofungwa. Mama mkubwa amesema hatakwenda kutazama, ila amenunua daftari jipya la kusomea na kulipeleka kwa mwanawe. Baba ameandika mstari mmoja tu: "Sasa wewe je?"

Swali hilo nimelala nalo siku nyingi. Nitalijibu mbele yenu nyote. Mimi sina akiba, wala sijapata kukaa ndani ya ndege. Lakini nimegundua kwamba masomo ambayo twayalalamikia kila asubuhi ndiyo mlango wa mambo haya. Pembe na pembetatu, msukumo wa hewa, usomaji wa ramani, pepo za bahari, yote tunayo katika madaftari yetu, nasi twayakariri kwa ajili ya mtihani tu. Kwa hiyo namwomba Mwalimu Mkuu aturuhusu kuanzisha chama kidogo cha mambo ya anga. Hakitahitaji fedha. Tutatengeneza tiara, tutapima upepo kila siku saa moja asubuhi na saa kumi jioni, tutaandika vipimo vyetu ubaoni karibu na bwalo, na tutawaalika wasichana wa shule jirani, hasa yule wa Kidato cha Pili.

Na kwenu wazazi nina neno moja. Mtoto wenu akija na jambo geni, msimkubalie upesi wala msimkataze upesi. Mwambieni akaulize, kisha awaandikie. Baba yangu alifanya hivyo, nami nimejifunza zaidi kwa kuulizwa naye kuliko kwa kupigiwa makofi ukumbini.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne